Majivu Mlangoni kwa Mama Abel

Mtu asipooga siku moja, unasema amechoka. Siku tatu, unasema maji yamekuwa shida. Mama yangu mdogo alipofika siku ya kumi na mbili nilianza kuogopa, kwa sababu pipa lilikuwa limejaa na nililijaza mwenyewe.

Jina lake Coletha, ila hapa machimboni wote wanamwita Mama Abel. Alinichukua kutoka Samuye mwaka ule nilioacha shule, darasa la tano, tukaja kukaa wawili huku upande wa Ushirombo. Abel mwenyewe ni mtu mzima, ni utingo wa lori huko Kahama. Kazi ya mama mdogo ni kuponda mawe. Wanaume wakishayatoa mawe kwenye duara, yaani shimo lao la kuchimbia, wanawake wanakaa chini ya turubai na nyundo, wanayavunja madogo madogo kabla hayajapelekwa kusagwa. Ameponda miaka kumi na tisa. Kidole kimoja cha mkono wa kushoto hakina kucha, na mwenyewe alikuwa anakionyesha kwa wageni na kusema kucha yenyewe ilikwenda kutafuta dhahabu, haijarudi.

Zamani ungesikia kicheko chake kabla hujamwona. Kijana akija mpya kutoka Kishapu, amevaa lubega, mama mdogo alikuwa anamuuliza kama amekuja kuchimba au anatafuta ng'ombe aliyepotea. Na jiwe alikuwa analiramba. Analilowesha kwa ulimi, analigeuza kwenye jua, anasema, "Hili lina kitu," na wanaume wazima wanasimama kumngoja alirambe la pili.

Mwezi wa kumi mawe yake mwenyewe yalikuwa na kitu. Wenye duara walimpa viroba vya mawe kama malipo ya kazi, akavipeleka kusaga, vikatoa vizuri. Tulitoa nyasi juu ya nyumba tukaweka bati. Kila mtu aliliona, maana bati jipya huwezi kulificha, linawaka mpaka barabarani.

Wiki ile ile fundi aliposhuka juu ya nyumba, mama mdogo alinyamaza.

Hakuwa mgonjwa wa homa. Nilimgusa, alikuwa wa kawaida. Aliacha tu. Alitundika kitenge dirishani na kuziba mwanga wa chumba chake. Kitanda alikiacha, akalala chini juu ya viroba vitupu, na nguo zake zile zile. Nikimpelekea ugali anameza matonge matatu, la nne analishika mpaka linakauka mkononi. Watu wakipita asubuhi na kusema "Mwangaluka, Mama Abel," alikuwa anaitikia wakati aliyemsalimia ameshafika kwa jirani wa tatu. Nyundo yake ilibaki nje. Ikanyeshewa, ikashika kutu, naye anaitazama.

Sasa, huku kwetu mtu akipata halafu akaanza mambo kama hayo, watu hawasemi anaumwa. Wanasema ana ndagu. Ndagu ni dawa ya utajiri. Unaenda kwa mfumu, yaani mganga, anakupa, na anakupa masharti. Mmoja anaambiwa asioge mwaka mzima. Mwingine alale chini hata kama ana kitanda. Mwingine asisalimie watu. Na wote wanasema ndagu yenyewe lazima ile mtu, tena mtu wa karibu. Mimi sijawahi kuiona. Ila nilikuwa nimeyasikia masharti yote hayo, na mama yangu mdogo alikuwa anayafuata moja moja, kama aliyeandikiwa.

Nikaanza kumchunguza. Mimi siongei sana, kwa hiyo watu wanasahau kwamba nina macho. Alipokuwa amelala mchana niliingia nikatafuta chini ya kitanda, nikainua ncha za viroba, nikafungua sanduku. Nilikuta picha ya Abel ya komunyo ya kwanza na rozari. Chungu hakuna, hirizi hakuna. Nikasema amekificha vizuri zaidi.

Jioni nikachekecha majivu ya jikoni, nikayamwaga mlangoni pake, membamba kama poda. Hivi ndivyo watu wanavyofanya hapa wakitaka kujua nani ameingia au ametoka, na kama nyayo zake ni za mtu. Kulipokucha nikaenda kuinama. Majivu yalikuwa vile vile nilivyoyaacha. Hakukuwa na unyayo wa mtu, wala mkia, wala kwato. Nikayaongeza jioni ya pili na ya tatu, hivyo hivyo. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, maana mtu gani hatoki nje kabisa, hata chooni haendi? Siku ya nne nikaona ndoo nyuma ya mlango, nikajua anajisaidia humo. Ungedhani ningepumua. Sikupumua. Nikajiuliza, mwanamke aliyekuwa anafagia uwanja wake mara mbili kwa siku, nani amemwambia asivuke mlango?

Kisha Ezekiel akafa.

Ezekiel alikuwa jirani yetu, mume wa Dorika, baba yake Loveness. Ukuta wa duara ulimwangukia yeye na mwenzake mmoja. Mwenzake alitolewa mzima, yeye hakutolewa mzima. Na lilikuwa duara lile lile lililotoa viroba vya mama mdogo. Hakuna aliyenitamkia chochote siku ile, ila niliona jinsi watu walivyolitazama duara, kisha wakalitazama bati letu.

Dorika alilia mpaka sauti ikakatika. Siku ya tatu msibani akakumbuka suruali ya Ezekiel iliyochanika kanisani siku ya Pasaka, akacheka mpaka akajifunika kanga usoni, na ndani ya kanga kicheko kikageuka kilio tena. Wiki iliyofuata nilimsikia anamfokea muuza dagaa kwamba dagaa wake wamelala, kisha akawanunua, akawakaanga, akala na wanawe. Alipoiona tochi ya kichwani ya marehemu imening'inia msumarini, akakaa chini akalia upya. Hiyo ndiyo huzuni niliyokuwa naijua. Inakuja, inakuangusha, inakuacha ule kidogo, inarudi.

Mama mdogo alikuja msibani siku moja. Akakaa mwisho wa mkeka, macho makavu kabisa, akakodoa ukutani, akaondoka bila kuaga. Wanawake walifuata kisogo chake kwa macho mpaka alipoingia ndani.

Makosa yangu niliyafanya kisimani. Dorika aliniuliza mama yako mdogo anaendeleaje. Aliuliza kwa upole tu. Na mimi nisiyeongea nikaongea. Nilisema, "Haogi. Na analala chini."

 Dorika alijitwisha ndoo akaenda. Jumapili baada ya misa niliyasikia maneno yangu yakitoka kwenye vinywa vya watu nisiowajua, yameongezwa miguu. Analala chini na nyoka. Alimtoa Ezekiel kwa bati. Atakayefuata ni yule binti anayekaa naye.

Hayo ya mwisho yaliniingia. Usiku nikawa nafunga mlango wangu kwa ndani na mwiko wa ugali.

Sungusungu, walinzi wa kijiji, walikuja Jumatatu, wanaume saba, na mtemi wao Mwigulu mbele na filimbi shingoni. Mwigulu si mtu mkali kwa sura. Alinisalimia kwanza, akaniuliza kama nakula vizuri. Kisha akamwita mama mdogo nje. Alitoka na nywele zake zimeshikana, akasimama kwenye majivu yangu. Mwigulu alimuuliza mengi, alikwenda kwa mfumu gani, lini, alipewa nini. Hakujibu hata moja. Mwisho akamuuliza polepole kabisa, kama mtu anayembembeleza mbuzi aingie zizini:

"Mama Abel, Ezekiel umemuua wewe?"

Mama mdogo alifikiri. Nilimwona anafikiri kweli. Akasema, "Sijui."

Basi, ikawa kama amekiri. Wakampa siku saba. Amtaje mfumu na kuirudisha ndagu mbele ya watu, au ahame. Na katika siku hizo saba atengwe. Asisalimiwe, asikae na wenzake kwenye turubai, asipewe moto wala asiombwe moto. Viberiti vipo madukani, lakini huku asubuhi mtoto bado anatumwa kwa jirani na kigae kuchukua makaa, na nyumba isiyoombwa moto ni kama nyumba isiyo na mtu. Mwigulu aliniambia mimi naweza kwenda kulala kwa Dorika mpaka ziishe, kwa usalama wangu.

Sikwenda. Msidhani ni ushujaa. Nilitaka kuona.

Nilimpigia Abel. Alikuwa Mwanza na lori, akasema atakuja wakimruhusu, akasema pia, "Mwambie mama aoge, watu wataacha kusema." Kama vile mimi sikuwa nimemwambia.

Siku ya tatu ya kutengwa, Dorika alikuja kwenye ua wetu wa minyaa. Hakuvuka. Aliongea na mimi, maana mimi sikuwa nimetengwa. Macho yake yalikuwa yamevimba na hasira ilikuwa ndani yake. Alisema anataka kujua kabla ya siku ya saba, kwa sababu watu watasema tu, lakini aliyefiwa ni yeye. Akanieleza alichosikia kwa bibi yake, kwamba mwenye sharti la kutooga maji yakimgusa anapiga kelele, anapigana, anaweza hata kung'ata, kwa sababu dawa inavunjika.

"Mwogeshe," aliniambia. "Mimi nitasimama hapa hapa. Akikupiga nitavuka."

Nilipasha maji. Saa tisa mchana, jua kali. Mengine niliyamwaga njiani. Bafu letu ni la viroba vilivyofungwa kwenye miti, juu wazi, na Dorika alikuwa upande wa pili wa ua, hatua tano. Nikaingia chumbani nikamwambia mama mdogo twende. Nilijiandaa kukimbia.

Aliinuka. Nilimshika mkono, akaja. Nilimkalisha juu ya jiwe la kuogea, akakaa. Nikamvua gauni mwenyewe, na lilikuwa limemganda mgongoni. Mbavu zake ningeweza kuzihesabu kama nilivyozihesabu siku. Nikachota kopo la kwanza, nikafumba macho, nikamwagia.

Hakupiga kelele. Nikamwagia la pili, la tatu. Nikampaka sabuni. Aliinua mkono nilipouinua, akaushusha nilipouachia, kama unavyoosha sufuria. Nilimwogesha mwanamke asiyekuwa na sharti lolote. Mwenye sharti ana kitu anachokilinda. Huyu hakuwa na kitu hata kimoja alichojali kama kitavunjika.

Baadaye sana, kichwa kimejaa povu, akasema, "Maji ya moto haya. Umeyachota wewe, Mageni?"

Nikasema ndiyo. Nikaanza kulia, sijui kwa nini.

Sauti ya Dorika ikatoka kwenye minyaa. Kumsemesha mtu aliyetengwa ni kosa, naye alilijua. "Mama Abel. Kwa nini ulisema hujui?"

Mama mdogo hakushtuka kusikia kuna mtu. Alijibu akiwa anatazama maji yanavyoingia mchangani. "Nilikuja msibani kwako, Mama Loveness. Ezekiel alikuwa ananiita dada. Nikakaa nikajaribu kulia. Nilijaribu, gete, kweli kabisa. Halikuja hata tone. Nikajiogopa. Nikasema kama siwezi kumlilia Ezekiel basi mimi si mtu, labda ni kweli nimemla na sijui."

"Lakini ulikuwa hivi kabla hajafa."

"Tangu bati. Niliamka siku moja nikalitazama, nikangoja nifurahi." Povu likamshukia usoni, hakulifuta. "Wewe unalia mpaka huku nakusikia. Nakuonea wivu. Mimi sina huzuni, Mama Loveness. Ningekuwa na huzuni ningelia. Huku ndani hakuna kitu."

Dorika akauliza atafanya nini siku saba zikiisha, atakwenda wapi. Mama mdogo akasema hana haja ya kwenda mahali, anangoja tu ziishe apumzike, na watu wapumzike naye. Alisema hivyo bila uchungu, kama mtu anayesema kesho atalala mapema.

Nilikuwa nimeshika kopo. Siku zote nilikuwa namwogopa yeye kwamba ataniua mimi. Sikuwahi kufikiri upande wa pili.

Dorika alivuka ua. Aliuvuka pale pale matawi yalipobanana, kanga ikashikwa akaivuta ikachanika. Akachukua kopo mkononi mwangu, akamsuuza nywele, na hakumwacha mpaka jua lilipozama. Siku ile walilala chumba kimoja na mimi katikati yao.

Asubuhi tulimpeleka zahanati. Dorika alisukuma baiskeli ya Ezekiel, mama mdogo amekaa nyuma, mimi namshikilia. Njiani tulipishana na watu na hakuna aliyetusalimia hata mmoja. Dorika akasema angalau leo hatutachelewa.

Nesi Martina ni mwembamba na ana maswali kama karani wa sensa. Nilimtilia shaka kwa sababu hakupima damu kwanza. Aliuliza ana hali hii tangu lini, na mama mdogo alipotikisa mabega mimi nikasema wiki sita na siku nne. Akaniangalia. Akauliza analala saa ngapi, anakula kiasi gani, kuna kitu alikuwa anakipenda akakiacha. Nilikuwa na majibu yote: viroba, matonge matatu, ndoo, nyundo yenye kutu. Niliyakusanya ili nimkamate, na nesi akayaandika moja moja kwenye daftari lake kama dalili. Kisha akamuuliza mama mdogo mwenyewe, waziwazi, kama huwa anafikiria kufa. Mama mdogo akasema ndiyo. Lilikuwa jibu la haraka kuliko yote aliyotoa tangu mwezi wa kumi na moja.

Nesi akasema ni ugonjwa, unaitwa sonona. Dorika hakukubali mara moja. Aliuliza ugonjwa gani hauna homa wala kidonda, na unamjia mtu aliyepata, badala ya kumjia aliyepoteza.

"Hauangalii kama umepata au umepoteza," nesi alisema. "Unaweza kumshika mwenye msiba, na unaweza kumshika mwenye bati jipya. Hautafuti sababu."

"Na mimi je? Mimi nalia kila siku. Ninao?"

Nesi akamuuliza kama anakula. Anakula. Kama kuna siku amecheka. Dorika akaniangalia kwa aibu, akasema suruali. Nesi akasema huo ni msiba, na msiba una haki yake, unauma lakini wewe mwenyewe bado upo, unakula na kugombana na watu. Ila kama baada ya muda chakula kitakosa ladha, watoto wasimguse moyo, na kulia kwenyewe kukauke, aje, asingoje watu wamtenge siku saba. Akaandika barua ya hospitali ya wilaya, akasema watampa vidonge, tusitegemee kesho wala keshokutwa, vinachukua wiki kadhaa, na katika wiki hizo asiachwe peke yake.

Siku ya saba watu walikusanyika kwenye uwanja wa mashine za kusaga. Mama mdogo alikuwepo, ameoga, ametazama chini. Mwigulu aliuliza kama mfumu ametajwa. Nikasimama. Sijawahi kusimama mbele ya watu tangu shule. Nilisema aliyeyaanza maneno ni mimi, kwamba haogi. Nikasema nimemwogesha na hakukataa.

 Mwigulu alimgeukia Dorika, macho ameyafinya. "Na wewe, Mama Loveness. Nimesikia umelala kule. Umelishwa nini?"

"Dagaa, mtemi," Dorika alisema, na watu wengine wakacheka. Yeye hakucheka. "Aliyefiwa hapa ni mimi. Ezekiel aliniambia magogo yanayoshikilia duara lile yameoza. Alikwambia na wewe. Aliwaambia wote waliosimama hapa. Hatukumwita mfumu kuyatazama magogo. Mimi simdai Mama Abel mtu. Kama mimi simdai, nani anamdai?"

 Mmoja wa wenye duara, aliyekuwa amesimama karibu na mashine, alianza kutafuta kitu mfukoni. Mwishowe Mwigulu akasema kutengwa kumeondolewa, barua ya nesi ameiona, lakini macho yapo. Hakuomba radhi. Mpaka leo akipita anapunguza mwendo penye ua wetu.

Asubuhi iliyofuata Loveness alitumwa na kigae kuja kuomba moto. Ilibidi moto uwepo. Mama mdogo alichukua muda mrefu kuuwasha, akakaa akiuangalia, akaweka makaa mawili kwenye kigae, akarudi kulala. Ilikuwa kazi yake yote ya siku ile. Tangu hapo Loveness anakuja kila asubuhi, hata siku ambazo najua kwao kuna kiberiti.

Vidonge vya hospitali ya wilaya anavimeza mbele yangu, na nikishamaliza kumwangalia namwambia afungue mdomo. Abel alikuja, akakaa wiki mbili, akarudi kwenye lori lake. Anapiga simu kila jioni. Mama mdogo hajacheka bado. Wiki iliyopita alilia kidogo, wimbo alioupenda Ezekiel ulipopigwa redioni kwa Dorika, na Dorika akaja mbio kuniambia kama mtu aliyeona mvua.

Na mimi bado nachekecha majivu kila jioni. Nayamwaga mlangoni pake, membamba, na kukikucha nainama kuyatazama. Kwa siku nyingi yalikuwa vile vile nilivyoyaacha. Juzi nilikuta nyayo. Za mtu, mguu mtupu, wa kulia umekanyaga zaidi kuliko wa kushoto. Nilizifuata. Zilikwenda chooni, zikatoka, zikafika kwenye pipa la maji, na pale chini palikuwa na tope na kipande cha sabuni.